Saini ya Oslo bado inasubiri Dodoma

Kuna maswali mawili ambayo mwanafunzi wa Dar es Salaam anayejitolea kuzungumzia mabomu ya ardhini hawezi kuyakwepa. La kwanza ni la siku nyingi: hapa Tanzania hayo mabomu yako wapi? La pili limezaliwa juzi, baada ya Lithuania, Latvia, Estonia, Finland na Poland kujitoa kwenye Mkataba wa Ottawa unaopiga marufuku mabomu hayo: kama wenye fedha na majeshi wameona haufai, wewe wa Mlimani unautetea kwa faida ya nani? Niliyasikia yote mawili siku moja karibu na kituo cha daladala cha Mwenge, yakielekezwa kwa vijana wachache waliokuwa wamekunja mguu mmoja wa suruali hadi gotini. Ishara hiyo ilianzia Colombia mwaka 2011, na sasa huonekana sehemu nyingi duniani inapofika tarehe 4 Aprili, siku iliyotengwa na Umoja wa Mataifa kwa ajili ya elimu kuhusu mabomu ya ardhini na misaada ya kuyategua. Vijana walijibu kwa adabu kwamba vita vinaumiza watoto. Ni kweli, lakini jibu hilo lilikuwa dogo kuliko swali. Jibu lenyewe wanalo na hawakulitoa: nchi yao ina deni.

Deni ni hili. Tarehe 3 Desemba 2008, mjini Oslo, Tanzania ilitia saini mkataba wa pili, Mkataba wa Mabomu ya Vishada, unaopiga marufuku mabomu yanayomwaga vibomu vidogo kutoka angani. Miaka imepita zaidi ya 17 na Bunge letu halijauridhia. Katiba, ibara ya 63(3)(e), inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Bila hatua hiyo, saini ya Oslo ni ahadi nusu. Kwa hiyo naona wanaowabeza vijana wamekosea, na vijana nao wamekosea kidogo. Wanaobeza wanadhani kampeni hii inahusu ardhi ya watu wengine. Vijana wanadhani kazi yao ni kutueleza kwamba bomu ni baya, jambo ambalo hakuna Mtanzania anayelibishia. Kampeni hii ina anwani, nayo ni Dodoma. Kujitoa kwa nchi za Ulaya, kunakosomwa kama sababu ya kunyamaza, ndiyo sababu ya kuharakisha.

Mikataba yenyewe ni miwili na huchanganywa mara nyingi. Wa Ottawa, uliofunguliwa kwa saini Desemba 1997, unahusu bomu la ardhini la kudhuru watu, lile linalozikwa au kuachwa juu ya udongo likingoja mguu. Mkataba wa amani ukisainiwa, lenyewe halina habari. Litaendelea kungoja, na atakayelikanyaga miaka 20 baadaye huenda alikuwa hajazaliwa lilipotegwa. Bomu la vishada, ambalo wengine huliita la mtawanyiko, hudondoshwa na ndege au kurushwa kwa roketi na mizinga, hufunguka likiwa angani na kumwaga vibomu vidogo, makumi au mamia, juu ya eneo linaloweza kuwa kubwa kama viwanja kadhaa vya mpira. Vyote vilikusudiwa kulipuka vikigusa chini. Havilipuki vyote. Laos ilimwagiwa na Marekani vibomu zaidi ya milioni 270 kati ya 1964 na 1973, na inakadiriwa hadi asilimia 30 havikulipuka. Wakulima wa huko wanavifukua kwa jembe mpaka leo. Vingine vina utepe mdogo mkiani, vingine ni vya duara kama mpira wa tenisi, na mtoto akikiona kimelala kwenye majani haoni silaha, anaona mchezo. Kwa hesabu za muungano wa kimataifa unaofuatilia silaha hizi, mwaka 2023 watu 5,757 waliuawa au kujeruhiwa na mabomu ya ardhini na mabaki mengine ya vita. Asilimia 84 walikuwa raia, na kati ya raia ambao umri wao ulijulikana, watoto walizidi theluthi.

Kwa mkataba wa kwanza Tanzania ilitimiza wajibu wake. Ilisaini siku ya kwanza, ikauridhia mwaka 2000, na mwaka 2004 ikamaliza kuteketeza akiba yake ya mabomu. Haikuishia hapo. Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO lenye asili ya Ubelgiji limekuwa likifundisha panya buku kunusa vilipuzi. Kigunduzi cha chuma hupigia kelele kila kizibo cha soda na kila msumari. Panya hana habari navyo, anafuata harufu ya baruti peke yake. Uzito wake ni kilo moja na kidogo, hivyo anapita juu ya bomu lililotengenezwa kungoja uzito wa mtu, nalo halishtuki. Eneo la uwanja wa tenisi analimaliza kwa nusu saa, ambapo mtu mwenye kigunduzi anaweza kutumia hadi siku nne. Magawa, aliyezaliwa hapa na kupelekwa Kambodia mwaka 2016, aligundua mabomu ya ardhini 71 kabla ya kustaafu, akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la kutunza wanyama. Ronin, mwenzake wa huko huko, alishampita kufikia Aprili 2025: mabomu 109. Tukipanda hadi Moshi tunakuta chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, ambacho tangu 1981 kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia, wengi wao wakitoka nchi nyingine za Afrika. Mtu aliyepoteza mguu kwa bomu mbali kabisa na hapa anaweza kuwa anatembelea mguu uliochongwa na fundi aliyesomea Kilimanjaro. Nchi yenye rekodi hii haina sababu ya kujihesabu mtazamaji.

Sasa tazama majirani. Mkataba wa mabomu ya vishada uliridhiwa na Burundi, Zambia na Malawi mwaka 2009. Msumbiji ikafuata 2011. Rwanda na Somalia 2015. Sudan Kusini, nchi changa yenye kila kisingizio cha kusema ina mambo mengine ya kufanya, ilijiunga 2023. Waliosaini na kuishia hapo ni sisi, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Yaani Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye wanachama wanane imegawanyika nusu kwa nusu, na sisi, tuliozoea kuitwa nyumba ya amani na mlezi wa wapigania uhuru, tumo katika nusu isiyomaliza kazi. Hili linaniuma kuliko hoja nyingine zote za makala haya.

Turudi kwenye swali la kwanza. Ni kweli Tanzania haihesabiwi kati ya nchi zenye mashamba ya mabomu ya ardhini, na wanaolisema hilo wasionekane wajinga. Ila wanasahau kinachookotwa. Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani Ngara, bomu la mkono lililipuka likaua wanafunzi na kujeruhi makumi ya wengine. Lilikuwa limeokotwa kwa kudhaniwa ni chuma chakavu cha kuuza. Dar es Salaam yenyewe inaikumbuka Mbagala ya Aprili 2009 na Gongo la Mboto ya Februari 2011, maghala ya silaha yalipolipuka, watu zaidi ya 20 wakafa katika kila tukio, na vitu visivyolipuka vikatapakaa kwenye viwanja vya nyumba na mashuleni. Najua kwamba kisheria bomu la mkono na kombora la ghalani haviingii kwenye mkataba wowote kati ya hii miwili. Sidai vinaingia. Ninachosema ni kwamba mtoto hasomi mikataba. Mafunzo anayohitaji mtoto wa Ngara, wa Mbagala na wa Laos ni yale yale: usiguse, usirushie jiwe, rudi kwa njia uliyojia, mwambie mtu mzima. Mtaani kwetu watoto huzunguka na sumaku iliyofungwa kamba wakitafuta skrepa. Niliwahi kumuuliza mmoja anajuaje chuma cha kuokota na cha kuacha. Akaniambia kizito ndicho kizuri, kinapanda kwenye mizani.

Kwa sababu ya jibu lile siwezi kukubali kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu anayeingia shule ya msingi ya Temeke au Ukonga na picha za vitu visivyopaswa kuguswa anapoteza muda. Kwangu hiyo ndiyo sehemu ya kampeni yenye matunda ya karibu zaidi, na nashangaa kuona vijana wakiiweka nyuma ya fulana na mabango.

Swali la pili ni zito zaidi na linastahili kujibiwa kwa uzito wake. Kujitoa kwa Lithuania, Latvia na Estonia kulianza kutumika Desemba 2025, kwa Finland Januari 2026 na kwa Poland Februari 2026. Lithuania ilikuwa imeshautoka na mkataba wa vishada Machi 2025. Hoja yao haitoki hewani. Ni nchi zilizo jirani na Urusi au mshirika wake, Urusi haimo katika mkataba wowote kati ya hii, na kinachoendelea Ukraine wanakiona. Wanasema mkataba unamfunga mikono anayetii sheria huku asiyetii akitega anavyotaka. Mtu anayelala karibu na jeshi kubwa ana haki ya kuogopa, na mimi niliye kando ya Bahari ya Hindi sitamfundisha namna ya kuogopa. Tena wamejitoa kwa utaratibu: mkataba wenyewe unaruhusu, kwa taarifa ya miezi sita.

Nikishakubali hayo yote, bado hoja haifiki wanakotaka ifike. Mwaka 1996 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilichapisha uchunguzi uliopitia vita 26 tangu miaka ya 1940, ukaungwa mkono na makamanda wa majeshi mbalimbali, na haukupata ushahidi wa kutosha kwamba bomu la kudhuru watu liliamua matokeo ya vita. Linachelewesha, ndiyo. Lakini jeshi linalojua kazi yake hulipita, na anayebaki nalo ni mwenye shamba. Bomu linalotegwa Estonia kumzuia Mrusi litakuwa kwenye udongo wa Estonia, na litakata miguu ya Waestonia. Msumbiji walijifunza hili kwa gharama kubwa. Ureno ilitega mabomu kando ya Ruvuma kuwazuia wapiganaji wa FRELIMO waliokuwa wakivuka kutoka kwetu. Vita vya baadaye vikaongeza mengine. Kazi ya kuyaondoa iliyoanza baada ya amani ya 1992 ilikamilika Septemba 2015. FRELIMO ilikwisha kushika serikali tangu 1975. Mabomu hayakumzuia aliyekusudiwa, yakawachukua wengine kwa miaka 40.

Kuna jambo lingine ambalo halizungumzwi sana, nalo linatuhusu moja kwa moja. Mkataba wa namna hii hauna polisi. Nguvu yake ni aibu: hata nchi zisizo wanachama huona haya kutumia silaha ambayo nchi zaidi ya 160 zimeikataa. Nchi yenye rada, ndege za kivita na washirika wa NATO ikitamka kwamba haiwezi kujilinda bila bomu la ardhini, aibu ile inapungua kila mahali. Kamanda wa waasi Kivu hatasoma ufafanuzi wa wanasheria wa Vilnius, mji mkuu wa Lithuania. Kule Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, vilipuzi vya kujitengenezea vimekuwa vikitegwa barabarani, na chochote kinacholipuka kwa kukanyagwa na mtu kinahesabika bomu la ardhini kwa mkataba wa Ottawa, hata kama kiliundwa kwa dumu na betri. Huko ndiko aibu inapohitajika zaidi, na ndiko itakapoisha kwanza.

Hoja dhaifu kuliko zote, ambayo hata hivyo ndiyo inayosambaa kwa kasi, ni kwamba vijana hawa wanatumiwa na ajenda ya wafadhili wa kizungu. Anayeisema aangalie nani anatoka na nani anabaki. Wanaotoka ni Wazungu. Mkutano wa kwanza wa nchi wanachama wa Mkataba wa Ottawa ulifanyika Maputo mwaka 1999, kwa sababu Msumbiji ilitaka dunia ije ikanyage pale pale penye mabomu. Mkutano mkuu wa kwanza wa kuutathmini ulifanyika Nairobi mwaka 2004. Mkataba wa vishada nao ulipokuwa ukijadiliwa, nchi za Afrika zilikutana Livingstone, Zambia, mwishoni mwa Machi 2008, zikakubaliana kudai marufuku kamili, na msimamo huo zikaenda nao Dublin mwezi Mei wakati baadhi ya nchi za Ulaya zilikuwa zikitafuta mianya. Septemba mwaka huo zikakutana tena Kampala kuhimizana kusaini. Na kumbukumbu ya Afrika kuhusu silaha hii haikuletwa na mfadhili: miaka ya 1970 jeshi la Rhodesia, Zimbabwe ya leo, lilidondosha mabomu ya vishada Msumbiji na Zambia, kwenye kambi za wapigania uhuru waliokuwa wakisaidiwa na kamati ya ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, yenye makao yake hapa hapa Dar es Salaam. Mkataba wa Oslo una jasho la Kiafrika ndani yake. Ni ajabu kuuita wa wageni halafu kuuacha kabatini.

Nina lawama yangu kwa vijana, na naitoa kwa sababu nataka wafanikiwe. Neno uhamasishaji limewalegeza. Ukishapiga picha, ukashona fulana, ukakaa kwenye kongamano la saa tatu, unahisi umefanya kitu, na hakuna mtu hata mmoja anayelazimika kukujibu. Mlima ule wa Chuo Kikuu una historia ya namna nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa USARF, chama cha wanamapinduzi wa Kiafrika pale chuoni, akiwemo Yoweri Museveni, walikwenda hadi maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO ndani ya Msumbiji wakaone vita kwa macho, wakarudi wakaandika na kubishana kuhusu walichokiona. Siwaombi vijana wa leo wavuke Ruvuma. Nawaomba wawe na dai linaloweza kukubaliwa au kukataliwa, kwa jina la mtu na kwa tarehe.

Dai la kuridhia lina sifa hiyo, na halitaifilisi nchi. Hatuna mashamba ya vibomu ya kusafisha ndani ya miaka 10 kama mkataba unavyozitaka nchi zilizoathirika. Kitakachohitajika ni taarifa ya kila mwaka kwa Umoja wa Mataifa, mchango wa mikutano, na sheria ya ndani inayofanya kutumia, kutengeneza, kuhifadhi au kuhamisha silaha hizi kuwa kosa la jinai. Hiyo sheria ndiyo yenye faida nisiyoisikia ikitajwa. Bandari ya Dar es Salaam inahudumia Kongo, Zambia, Burundi, Rwanda, Malawi na Uganda. Nchi zimekuwa zikibishana kama mkataba unakataza pia silaha hizi kupitishwa tu kwenye ardhi ya mwanachama. Kila nchi inaweza kumaliza ubishi huo kwa sheria yake yenyewe, na nchi yenye bandari ya aina yetu inapaswa kuumaliza. Ofisa wa forodha asiachwe atafsiri mwenyewe mkataba wa kimataifa saa nane usiku.

Halafu kuna askari wetu. JWTZ imetuma watu Kongo, Darfur, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Lebanon. Kusini mwa Lebanon ndiko Israel ilikomwaga mabomu ya vishada mwaka 2006, mengi katika siku tatu za mwisho kabla ya kusitisha mapigano, na vibomu vilivyobaki vikaendelea kuua wachuma zeituni. Mtanzania aliyevaa kofia ya bluu huko alilinda watu waliozungukwa na silaha ambayo serikali yake ilisema Oslo kwamba inaikataa. Kumkamilishia neno hilo ni heshima ndogo tunayoweza kumpa.

Bunge la bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Juni, ndiyo kusema siku ya kukunja suruali huangukia mwanzoni mwa mkutano huo, mawaziri wa Mambo ya Nje na wa Ulinzi wakiwa bado hawajapitishiwa mafungu yao. Kamati ya Nje, Ulinzi na Usalama hupitia bajeti hizo kabla hazijafika ukumbini. Kila mwanafunzi wa Dar es Salaam ana mbunge, wa Ubungo, wa Kinondoni, wa Temeke au wa kwao alikotoka, na kila mbunge anaruhusiwa kupeleka swali. Kwa lugha ya Bunge lingesomeka hivi: Je, ni lini Serikali italeta bungeni Azimio la Kuridhia Mkataba wa Mabomu ya Vishada ambao Tanzania iliusaini mjini Oslo tarehe 3 Desemba 2008?